Kilo Tatu Zisizo Zangu

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka kupimwa wiki hii, akakunja karatasi mara nne na kuificha ndani ya soksi. Mimi yangu niliificha chini ya gunia la chumvi kazini, mahali ambapo hakuna mwingine anayepeleka mkono. Sasa miaka kadhaa imepita, niko hai, nimeota kitambi kidogo, na naweza kuyasema yote bila kutazama nyuma. Hata yale ya aibu. Hayo ya aibu ndiyo yatakayokufaa zaidi.

Naitwa Zakayo. Nachoma nyama Kenyatta Market, na waliozoea kula kwangu huniita Zaki. Mwenye bucha ni Mzee Njuguna, mwenyeji wa Dagoretti tangu enzi za babu yake. Asubuhi tulikuwa tukienda pamoja kichinjioni Dagoretti kuchagua ng'ombe, saa nne makaa yanakolea, na ikifika saa saba huwezi kupata pa kukaa. Mchoma nyama hafanyi kazi akiwa amejificha jikoni. Anasimama mbele ya watu, anakata mbavu juu ya ubao wakimtazama mikono, na kipande cha kwanza anamkabidhi mteja aonje. Kwa hiyo mwili wangu ulikuwa sehemu ya biashara. Nani atapokea kipande kutoka kwa mtu anayekohoa?

Nilianza kukonda mwaka ule serikali mpya ilipoingia. Nairobi ilikuwa na furaha ambayo sijaiona tena. Watu walikuwa wakimkemea polisi hadharani akiomba hongo. Binti yangu Mercy aliingia darasa la kwanza bila karo, na mama yake alimshonea sare wiki nzima kabla shule hazijafunguliwa. Nami nilifurahi pamoja na wenzangu, ila mshipi wangu ulikuwa umeongezwa tundu la tatu kwa msumari.

Kwenye ubao wangu ndipo nilipojua taifa linafikiri nini juu ya watu kama mimi. Kulikuwa na mteja mmoja, karani wa ofisi fulani ya serikali mjini, mtu wa tai na mabega mapana. Siku moja nikiwa nakata mguu wa mbuzi wake akasema kwa sauti, "Hawa watu wa ukimwi wawekwe kando tu. Wapewe kisiwa, waache kutumalizia nchi."

Mwenzake akamjibu huku akichovya nyama kwenye chumvi, "Ukiwaweka kando bunge itabaki na nani?"

Walicheka mpaka wakapaliwa, na mimi nikacheka nao. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, kisha nikaenda nyuma ya bucha nikajishika kwenye ukuta. Hapo ndipo nilipoanza kuichukia ile picha ya fuvu iliyobandikwa kila mahali na maneno kwamba ugonjwa unaua. Aliyeibandika sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini miaka yote ile walitufundisha kuogopa, wakasahau kutufundisha la kufanya siku ukigundua kwamba fuvu ni lako. Wakubwa walipata dawa mapema na wakanywa kimya. Kanisani kwetu mchungaji aliomba cheti cha kupimwa kabla ya kufungisha ndoa, halafu Jumapili hiyohiyo akazika mshiriki aliyekufa kwa "nimonia". Uongo huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu wa pili, na sikuona kituo cha kuupima.

Mke wangu anaitwa Rispa. Anauza mboga Kawangware, karibu na tunapoishi, na ni mtu wa maneno machache hata kukiwa na raha. Nilipomwonyesha karatasi, aliisoma kwa kusimama, akavua aproni, akaenda kupimwa siku hiyohiyo. Akarudi yuko salama. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, na nilimaanisha. Yeye alinitazama nikiwa pale chini na hakuniinua.

Tangu siku hiyo mikono yake haikunigusa. Alinipikia, alinifulia, alinitandikia kitanda cha Mercy na kumhamishia mtoto kwake. Hakunitukana. Mvua zote ndefu za mwaka ule tuliongea kupitia kwa mtoto. "Mercy, mwambie baba yako chai imemiminwa." Nami nakaa hatua mbili kutoka kwake, nasema, "Mercy, mwambie mama asante." Mtoto wa watu akageuka kuwa daraja, na hata yeye akachoka. Siku moja aliweka penseli chini akasema, "Si muongee tu, niko na homework." Tukaanza kuongea, mambo ya unga na mafuta ya taa, lakini mikono ilibaki kule ilikokuwa.

Sasa nije kwenye kliniki, maana ndiko nilikofanyia ujinga wangu.

Ilikuwa kliniki upande wa magharibi wa mji, mbali na soko kiasi kwamba nisingekutana na mteja. Dawa zilikuwa zimeanza kutolewa bure, lakini hazikutosha watu wote kwa mara moja. Uliandikishwa, ukapewa kadi, ukaambiwa uje kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, na jina lako litafikiwa. Tulikaa kwenye mabenchi marefu. Kulikuwa na mwalimu, askari wa mlangoni, mama mwenye nyumba za kupangisha, vijana wa vibarua. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila. Kila mmoja alikuwa anaangalia mizani.

Mizani ilikuwa pale mbele, kando ya meza ya Sista, muuguzi wetu. Unavua koti na viatu, unapanda, anasoma kwa sauti, anaandika. Baadhi ya watu, hasa waliokuwa wakipungua mwezi hadi mwezi, walikuwa wakiitwa pembeni na kuingizwa chumba cha nyuma. Mwezi uliofuata siwaoni tena kwenye benchi letu. Sikumuuliza mtu. Mimi ni mtu wa kichinjioni, na kichinjioni ng'ombe aliyekonda hana anayemgombania. Anasukumwa kando, anasubiri kuwa chakula cha mbwa. Nikajiambia: Zakayo, hizi dawa ni chache, na kama wewe ndiye ungekuwa unazigawa, ungempa nani? Ungempa aliye na dalili ya kuishi.

Basi Jumanne iliyofuata nilichukua mawe mawili ya mizani kutoka bucha. Yalikuwa ya chuma, ya zamani, Mzee Njuguna aliyarithi kwa baba yake. La kilo mbili nililifunga kiunoni kwa kitambaa chini ya shati, la kilo moja likaenda mfukoni, na juu nikavaa sweta refu. Nilitembea kama mama mjamzito. Nikapanda mizani, na ingawa nilikuwa na kilo hamsini na saba, Sista akasoma, "Sitini!" Akanitazama kwa furaha ya kweli. "Vizuri Zakayo, endelea kula hivyo." Nilishuka kwa uangalifu, jiwe likiwa limenikaba tumbo, na nikajihisi nimeshinda bahati nasibu.

Tatizo la kuongeza kilo ni kwamba huwezi kuzirudisha. Mwezi uliofuata ningeenda bila mawe, ningeonekana nimeporomoka kilo tatu kwa mara moja, na kile chumba cha nyuma kingeningoja. Kwa hiyo kila Jumanne ya kwanza mawe yaliondoka bucha asubuhi na kurudi mchana. Nilikaa kwenye lile benchi miezi na miezi nikisubiri jina langu. Kipupwe cha Julai kikaja, sweta likapata sababu halali. Mvua za vuli zikaja. Benchi letu likabadilika sura, wengine wakaingia chumba cha nyuma, wengine wakazikwa, na mimi nilikuwa palepale, mzito kwenye karatasi na mwembamba kwenye kioo.

Jina lilipofika mwishowe, nilitakiwa kuja na mtu wa kunisimamia dawa. Rispa alifunga kibanda chake akaja. Tulisomewa masharti, kwamba dawa ni asubuhi na jioni bila kukosa, na kwamba anayedanganya kliniki anaweza kupoteza nafasi yake ipewe mwingine. Rispa akatia sahihi polepole, herufi kwa herufi. Nami nikatia yangu, jiwe la kilo mbili likiwa kiunoni. Siku hiyo mizani ilisoma sitini na moja. Nilikuwa hamsini na nane.

Dawa zilifanya kazi. Hilo nataka ulisikie kabla ya mengine, maana kulikuwa na wahubiri waliokuwa wakiwaambia watu wazitupe, na nimewazika waliowatii. Ndani ya wiki chache kikohozi kiliondoka. Nilianza kusikia njaa, njaa ya kweli, ya kumfanya mtu aote maharagwe. Karani yule wa tai aliniambia, "Zaki umerudi bana! Nilidhani umetolewa kafara," akapokea kipande cha kwanza kutoka mkononi mwangu na kukitafuna. Nilimtazama akikimeza nikafurahi kwa njia ambayo si ya Kikristo sana.

Halafu miguu ikaanza. Kwanza ganzi kwenye vidole, kisha moto, kama mtu ameniwashia makaa ndani ya nyayo. Kusimama kwenye ubao kwa saa nane kukawa mateso. Nilikata nyama nikiwa nimeegemea meza, nikaweka kipande cha godoro chini ya miguu, nikavaa soksi za pamba mbilimbili, na bado jasho lilinitoka. Huo ulikuwa msimu wa kura ya maamuzi juu ya katiba, ndizi ikiwa alama ya Ndiyo na chungwa alama ya La. Wateja walikuja wamevaa rangi za matunda yao, huyu chungwa, yule ndizi, na watu waliokula sahani moja miaka kumi wakaanza kukaa meza mbalimbali. Nami nikiwa pale na nyayo zangu za moto nilikuwa nikiwaza: njooni Jumanne kwenye benchi letu muone chungwa na ndizi wakigawana gazeti. Lakini sikuweza kusema hivyo bila kusema nimelijuaje hilo benchi.

Sista aliniuliza kuhusu miguu kila mwezi, nami nikamjibu iko sawa. Niliogopa kwamba nikilalamika nitachunguzwa, na nikichunguzwa nitavuliwa sweta.

Mzee Njuguna ndiye aliyenivua. Siku moja, Jumanne mchana, nilirudi bucha nikamkuta ameketi kando ya mizani yake, sahani zote mbili tupu.

"Zakayo," akasema, "hii mawe yangu inaendanga wapi kila Jumanne ya kwanza?"

Nikalivuta sweta chini.

"Umekopesha huyo mtu wa bucha ya pili? Ama unapunja watu mahali na jina yangu? Niambie sasa, ama niite askari wa soko. Hiyo ni mawe ya baba yangu."

Nilifikiria kukubali wizi. Nakuambia ukweli, nilifikiria kwa dhati, maana mwizi angalau anasalimiwa kwa mkono. Lakini miguu ilikuwa inawaka na nilikuwa nimechoka kubeba chuma. Niliinua sweta, nikafungua kitambaa, nikaliweka lile jiwe kwenye sahani ya mizani. Nikatoa la pili mfukoni. Halafu nikamwambia yote, kuanzia karatasi iliyo chini ya gunia la chumvi.

Mzee akainua lile jiwe, akalipima kwa kiganja, akalirudisha. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya gogo la kukatia nyama.

"Ngai! Mimi nimepunja watu robo kilo maisha yangu yote," akasema akifuta macho, "lakini sijawahi kujipunja mimi mwenyewe!"

Kisha kicheko kikakatika, na macho bado yalikuwa yakitoa maji.

"Mtoto wangu wa tatu alienda na hii kitu," akasema. "Tulimweka chumba ya nyuma. Tukasema ni nimonia. Hata chai nilikuwa naweka kwa mlango, nagonga, naenda. Mimi, baba yake. Kesho tunarudi huko na wewe, tuwaambie."

"Mzee, wataniondoa kwa dawa."

"Wakikuondoa tutajua mbele. Kwani na hiyo miguu unaenda wapi?"

Kesho yake haikuwa siku yangu ya kliniki, kwa hiyo tulingoja mpaka wa mwisho aitwe. Mzee alikuja amevaa kofia yake ya mazishi na harusi. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko dada yangu kitinda mimba. Nilimsimulia nikiwa nimeangalia sakafu. Aliuliza swali moja tu, kwa nini. Nikamweleza habari za ng'ombe aliyekonda.

"Baba Mercy," akasema polepole, "wale tuliokuwa tunawaita pembeni ndio tulikuwa tunawaanzishia dawa kwanza. Waliokuwa wanapungua. Siku yao ya kliniki ikabadilishwa, ndiyo maana hukuwaona tena."

Nilimsikia, lakini ilichukua muda maneno yale kunifika. Nilikuwa nimejisukuma mwenyewe nyuma ya foleni, mwezi baada ya mwezi, kwa mawe ya kuazima.

"Na kuna lingine. Hii dawa tunapima kwa uzito. Mtu wa sitini kwenda juu anapewa kubwa, wa chini anapewa ndogo. Wewe umekuwa ukinywa dawa ya mtu wa kilo sitini na moja. Huyo mtu hayuko. Miguu yako ndiyo imekuwa ikimlipia."

Akachukua faili langu akatoka. Tukabaki mimi na Mzee na saa ya ukutani. Nilimfikiria Rispa na ile sahihi yake ya herufi kwa herufi. Nilifikiria nani atapewa nafasi yangu, nikajikuta namtakia heri na kumchukia kwa wakati mmoja. Mzee alikuwa akizungusha kofia magotini. Daktari aliporudi, hata kabla hajaketi, Mzee akasimama.

"Daktari, huyu si mwongo. Huyu ni mtu wa bucha tu."

Msichana yule aliuma mdomo asicheke. Akafungua faili. "Vua sweta, vua viatu, toa kila kitu mfukoni. Panda."

Nikapanda. Sindano ikatikisika, ikatulia. Hamsini na nane na nusu. Akaiandika chini ya ile sitini na moja na nusu ya uongo, akapiga mstari juu ya zile za nyuma moja baada ya nyingine, kisha akanipa dawa ndogo. "Ukinidanganya tena," akasema, "mwambie Mzee atafute mchomaji mwingine." Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu yote. Nililia pale mbele yao, na sioni haya kukuambia.

Miguu ilipoa taratibu, mwezi kwa mwezi, na baadaye nilibadilishiwa ile dawa kabisa. Vidole viwili bado vina ganzi hadi leo. Nasimama kwa saa nane na kipande cha godoro nimekitupa. Kama unaanza dawa sasa, ukiumwa sema unaumwa. Mweleze Sista hata jambo unaloliona la kijinga. Wao wanakupimia dawa kwa maneno yako pia, si kwa mizani peke yake.

Lakini jioni ya siku ile bado nilikuwa na Rispa wa kumkabili. Nilimkuta akikatakata sukuma wiki ya kuuza kesho. Mercy alikuwa ameketi mlangoni na kitabu. Nilimwambia mke wangu yote, nikitaraji anyamaze kama kawaida yake. Hakunyamaza.

"Aki Zakayo! Mimi nimetia sahihi," akasema, kisu kikiwa hewani. "Mimi nimeamka kila siku nahesabu vidonge. Naomba Mungu mpaka magoti inauma. Kumbe wewe unaenda kushindana na mizani? Na ungekufa? Ungekufa na mawe ya wenyewe kwa tumbo, ningewaambia nini watu wenu?"

Alilia kwa hasira na mimi nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa nimedhani ananingoja nife. Kumbe alikuwa anaogopa nitakufa. Kimya chake kilikuwa hofu, nami nilikuwa nimekisoma kama hukumu.

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata nilivaa, nikachukua kadi, nikafika mlangoni. Rispa akasimama mbele yangu.

"Inua mikono."

Nikainua. Akanipapasa kiunoni, kushoto, kulia, mgongoni chini ya shati. Akaingiza mkono mfuko mmoja, akaingiza mwingine. Viganja vyake vilikuwa baridi kwa maji ya mboga, na nilisimama pale kama mtoto. Yeye pia alijua ni mara ya kwanza kunigusa tangu ile karatasi. Alipomaliza hakuondoa mkono upesi.

"Sawa," akasema. "Enda."

Tangu wakati huo ameifanya kuwa desturi, kila Jumanne ya kliniki, na sasa nina kilo sabini ambazo zote ni zangu. Siku hizi huwa naficha peremende kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, ule ambao mkono wake unachelewa kuufikia.